Papa Constant Amundala, Mwana wa Faida (1930–2024)

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuvumilia njia hii mbaya mpaka kijijini. Marehemu aliacha maombi mawili tu: azikwe hapa kando ya mama yake, na lile neno sivilizasio, au ustaarabu kama wengine wanavyosema, asipewe kama sifa juu ya sanduku lake. Neno litatajwa leo, maana bila hilo maisha yake hayasimuliki. Lakini halitakuwa sifa.

Papa Constant alizaliwa tarehe 4 Machi 1930 hapa hapa, kilometa sabini na mbili kutoka mjini kwenye njia ya Bafwasende. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Faida, alimlea yeye na dada yake mdogo Françoise kwa ndizi na mihogo ya shamba lake. Alipofikisha miaka tisa mama alimpeleka kwa mapadri, akiwa amembebea kitanda cha mianzi kichwani, siku mbili kwa miguu. Huko shuleni ndiko alikosikia lile neno kwa mara ya kwanza. Mwalimu alisema ni kitu ambacho Wazungu wanacho na watoto wale hawana, na kwamba wakitii watapewa kidogo kidogo. Mtoto akikohoa darasani, hana sivilizasio. Akicheka kwa lugha ya kwao, hana.

Mwaka 1949 aliajiriwa karani katika kampuni ya malori mjini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mkubwa wa kazi alidhani ni mashine. Tarehe 18 Juni 1955 alimuoa Mama Florentine, mwanamke wa vicheko, wakapanga nyumba jirani na fundi cherehani Papa Rashidi na mke wake Mama Ramla. Mama Faida alikuja kukaa nao, Françoise pia.

Mwaka 1957 Papa Constant aliomba kadi ya watu waliostaarabika. Mwenye kadi alipanda cheo kazini na hakusukumwa barabarani. Lakini kabla ya kuipata, tume ilikuja nyumbani kukagua. Iliangalia mashuka, choo, na kama mke anakaa mezani na mume. Iliinua vifuniko vya sufuria na kunusa. Watu wazima, wenye kofia, wakinusa masufuria ya watu, na hao ndio waliokuja kupima adabu.

Mwezi mzima Papa alifundisha nyumba kula lituma kwa uma. Ndizi iliyotwangwa haitaki uma, inateleza. Siku moja tonge liliruka likatua kwenye tai yake, Florentine akasema, "Bon, sasa hata tai yako imestaarabika, inakula mezani."

Asubuhi ya ukaguzi, tarehe 9 Oktoba, Papa alimwambia mama yake, "Mama, leo utakaa kwa Mama Ramla mpaka bazungu batoke."

Mama Faida akavuka kwenda kwa jirani. Mama Ramla ndiye aliyeuliza, juu ya ua: "Constant, ni ustaarabu gani hiyo ya kuficha mama? Kwetu mugeni anapewa maji ya kunawa, anapewa kiti, ndiyo inaisha."

Tume ilikuwa bado ndani Mama Faida aliporudi kuchukua tumbaku yake aliyoisahau jikoni. Alipita uani bila viatu. Mzungu mmoja aliyejua Kiswahili akauliza, "Huyu mwanamke ni nani?"

Papa Constant akajibu, "Ni mutumishi yetu."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, na mama yake alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mama Faida akasema, "Ndiyo, bwana," akateka maji, akawaletea wageni wanywe.

Kadi ilitoka. Mama Faida alikuwa ameshapanda lori kurudi kijijini alfajiri iliyofuata ukaguzi.

Mwezi wa nane 1964 waasi waliingia mjini, na kila mwenye kadi kama ile aliuawa kwa sababu ya kadi hiyo. Papa alimficha Florentine na watoto kwa Mama Ramla, akatembea usiku kwa siku tatu mpaka hapa. Mama yake alimpeleka kwenye kibanda cha shamba, akamvua viatu, akaanza kumfundisha upya kula kwa mkono, maana vidole vilikuwa vimesahau. Wiki ya tatu waasi wanne walifika wakimtafuta karani. Walimkuta anakula.

"Uyu mwanaume ni nani?"

"Ni mwana wangu," Mama Faida alisema. "Hajui kusoma."

Walimtazama. Alifinyanga tonge la lituma, akachovya kwenye pondu, mboga ya majani ya mihogo, katika sahani ya mama yake, akala bila kudondosha. Wakaondoka. Mama Faida akachomoa kadi aliyokuwa ameificha kwenye makuti ya paa, akawashia moto, akapasha mboga.

Baada ya hapo Papa alifanya kazi mpaka 1991, lakini mezani kwake hapakuwa na uma tena. Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita mjini juu ya vichwa vyetu, alilala sakafuni na Florentine na kumuuliza, "Hawa nao, nani atakuja kunusa masufuria yao?" Kila aliposikia lile neno redioni alizima redio.

Florentine alimtangulia 2011. Papa aliugua figo tangu 2022, akafariki Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, saa kumi ya alfajiri, miaka tisini na minne. Kwenye matanga, mtoto wake wa kwanza Jérémie alitaka azikwe mjini, kistaarabu, na programu ya mazishi iandikwe "Mtu wa ustaarabu". Shangazi yake Françoise alimwambia, "Hilo neno uliandike kwenye shati yako, mwanangu. Baba yako alilipata mara moja na likamtia kinyaa miaka sitini na saba." Jérémie alilia, kisha akaenda kukodi lori la kumleta hapa, yeye mwenyewe.

Ameacha dada mmoja, Françoise. Watoto watano, Jérémie, Nadège, Josué, Chimène na Cyprien. Wajukuu ishirini na mmoja na vitukuu tisa. Pamoja na Madina, binti wa Mama Ramla, anayehesabiwa mtoto wa sita. Msalaba wake hauna cheo. Umeandikwa: Constant, mwana wa Faida.

Alale kwa amani kando yake. Na huko anakokwenda, akiulizwa huyu mwanamke ni nani, ajibu.