Kifuniko Kilichobaki Bila Gundi

"Kifungue!"

"Hakifunguki, Kamanda."

"Kifungue nakwambia, kichwa ngumu wewe! Mama yake anakuja mwisho wa mwezi ujao, unataka aone nini?"

"Aone ilivyokuwa."

Hivyo ndivyo marehemu baba yetu alivyokuwa akizozana na mkuu wake wa zamani jeshini, siku chache kabla ya kifo chake, juu ya kifaru cha plastiki ambacho mtu angeweza kukibeba kwa mkono mmoja, na familia imeona historia hii ianzie hapo, kwa sababu ubishi huo ndio uliomnyima usingizi hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga, akasoma shule ya msingi ya hapo jirani kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akaingia gereji ya mjomba wake, ambako alijifunza kuzijua injini kwa kuzisikiliza tu, na huko ndiko alikopewa jina la Gia.

Tarehe 2 Februari 1982 alijiunga na jeshi, akafunzwa kuendesha vifaru, akapangwa kwenye kifaru kimoja na Kamanda, aliyekaa hapa mbele leo na ambaye ameridhia tuyasome haya, pamoja na mpiga mzinga waliyemwita Kicheko, mtoto pekee wa mama yake, kijana aliyewavunja watu mbavu hata ndani ya mahandaki.

Vita vilipoanza walipelekwa mstari wa mbele, na asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1984, wakivuka daraja, kombora liliupasua ubavu wa kifaru chao, moto ukalipuka ndani, Kamanda akarushwa nje nguo zikiwaka, baba akachomoka kwenye tundu la dereva, akapanda juu kumtoa mwenzake, akakuta kifuniko chake kimejipinda na kukwama, akaushika mpini wa chuma uliokuwa ukichoma kama kaa la moto, akavuta, ngozi ya viganja ikabaki pale, akavuta tena kwa nyama tupu, risasi zikigonga chuma kila upande, na chini yake Kicheko akipiga ngumi, akikwaruza, akiita, "Gia! Nifungulie, Gia!" mpaka ngumi zikalegea, zikakoma, na Kamanda akamburuta baba kwa mkanda huku akimtukana na kulia.

Jeneza lilipelekwa nyumbani na Kamanda, akamwambia mama wa Kicheko kwamba mwanawe alikufa papo hapo, hakusikia lolote, na baba alipotoka hospitali, vidole vikiwa vimeshikana, aliyakuta maneno hayo yameshasemwa.

Aliachishwa jeshi mwaka 1985 kwa sababu ya mikono, na kuanzia 1986 hadi 2019 alikuwa mwalimu wa shule ya udereva, akifundisha bila kugusa usukani, ila kwa kelele, hata wanafunzi wakasema breki zake ziko kooni. Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 7 Desemba 1991, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa binti aliyezaliwa 2007.

Moshi wa siku ile haukumtoka, na mapafu yalipomshinda mwaka 2022, binti huyo aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amwuguze, na ni wakati huo shemeji yetu alipomletea boksi la kifaru cha kuunganisha, wakakijenga wawili juu ya meza ya kulia, baba akiwa jicho na binti akiwa mkono.

Walikipaka kwanza rangi ya kutu, wakakilowesha na kukinyunyizia chembe za chumvi, wakapaka kijani juu yake, na ilipokauka wakaisugua chumvi kwa mswaki wa zamani, rangi ikabanduka vipande vipande na kutu ikatokea, kama chuma kilicholiwa na risasi, na mama akapiga kelele jikoni, "Mboga hazina chumvi, kumbe inaliwa na kifaru!" Binti alipotaka kupaka tope mpaka juu ya mzinga, baba alicheka hadi akakohoa, akamwambia, "Mama, tope lina mabawa?" Lakini walipofika kwenye kifuniko hakucheka, alimwambia akwangue masizi ya sufuria, ayapake kwa brashi kuzunguka ukingo, na kila akimaliza, baba alisema, "Bado. Weusi zaidi."

Mama wa Kicheko alipopata habari, aliagiza kwamba atakuja kukiona, na hapo ndipo Kamanda alipotaka kifuniko kiachwe wazi, ili asijue kamwe kwamba mwanawe alifungiwa na moto akiwa hai, na baba akakataa mbele yake, lakini Kamanda alipoondoka, baba alimwuliza binti, "Na kama itamuua?" kwa hiyo gundi ya kukibandika kifuniko haikupakwa, na tarehe 3 Oktoba 2024, alfajiri, katika wodi ya wanaume, baba alifariki kabla hajaamua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsaidia kupumua, majirani waliotubebea mitungi ya oksijeni hadi ghorofa ya pili, na walimu wenzake wa udereva waliolisindikiza jeneza kwa magari yao.

Injini imezimwa, Baba, umefika, shuka upumzike, na kwa kuwa uliondoka bila jibu tunakusomea jibu lako, kwamba jana Kamanda alikibeba kifaru akitaka kukificha, binti yako akakishikilia, na wakiwa wanavutana na kupayukiana, mama wa Kicheko, aliyekuja msibani, akatokea, akawasikiliza, akasema akiwa bado amesimama mlangoni: "Nilimwosha mimi, wanangu. Kucha zilikuwa zimeng'oka zote. Huyu Kamanda alikuwa anatetemeka, kijana mdogo, nikaona nimwache aseme alilokuja kulisema. Kifungeni. Ila huyo aliyekuwa juu anavuta, kwa nini hamkumweka?"