Bi. Ruqiya Ogle na Vijiti vya Kengele Sitini

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Ruqiya Ogle atastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika ushirika wetu wa wachongaji hapa Iftin, Garissa. Alianza mwaka 1999 akiwa karani wa kupokea barua. Anaondoka akiwa msimamizi wa mauzo, na barua bado anazisoma yeye kwanza.

Kila mwaka tunatoa koor sitini tu, zile kengele za mbao za ngamia, kila moja na nambari yake na jina la mchongaji. Wanaozitaka hufika mia tano: wafugaji wa Takaba, wafanyabiashara wa Ifo, wakusanyaji wa Nairobi wenye viatu visivyojua vumbi. Nani anunue, nani akose?

Mwaka 2014 Bi. Ruqiya aliandika tangazo kwa mkono wake: atakayetangulia kwenye foleni ndiye atakayenunua. Alisahau yuko mji gani. Hapa mtungi wa maji hukushikia nafasi bombani, nawe ukaendelea na shughuli zako. Tulipofungua lango tulikuta mitungi mia mbili ya manjano na watu kumi na mmoja. Dalali mmoja alikuwa na sabini peke yake. "Wallahi, hii mtungi ndio mimi," alisisitiza, akiupigapiga. Sisi tulicheka, wafugaji waliosafiri siku mbili hawakucheka. Bi. Ruqiya alipanda juu ya kiti, akasema kosa ni lake, akaahirisha mauzo.

Juma lililofuata alileta qori tuur, kura ya vijiti wanayotumia wafugaji kugawana nyama. Kila mtu atie alama kijiti chake na kukitumbukiza kapuni mwenyewe, naye Bi. Ruqiya, akiwa amegeuka, achomoe sitini. Mtu mmoja, kijiti kimoja. Mimi nilipinga nikidhani ni kamari. Alinieleza kwa subira kwamba hakuna anayelipa kuingia, na bei haibadiliki kwa yeyote. Kijiti huamua zamu tu. Nikakiri nimekosea, jambo ambalo wenzangu wanalikumbuka kwa furaha.

Mwaka 2021 alifariki Kulow, mchongaji wetu bora, mume wa Maka, dada yake Bi. Ruqiya. Maka aliomba awekewe moja kati ya kengele za mwisho za mumewe. Sote tulitaka apewe. Bi. Ruqiya alikataa: akianza na dada yake, keshokutwa ndugu watazimaliza zote. Maka akaweka kijiti kama wengine, akakosa, akaondoka bila kuaga. Hawakusemezana miaka minne. Naamini Bi. Ruqiya alikuwa sahihi, na naamini aliumia kuliko alivyotuonyesha.

Mwezi uliopita tuliwauliza wateja nani ashike kapu baada yake. Mzee Keinan, mfugaji wa Takaba, alisimama. "Maka," alisema. "Alikosa kengele ya bwana yake, na dada yake ndio mkubwa hapa. Huyo mimi naamini kabu yake." Wengine wakaitikia: kapu apewe Maka. Tulimwendea Maka tukijua huenda akatufungia mlango. Kesho yake alikuja ofisini, akasimama mbele ya dada yake.

"Abaayo, dada yangu, nibe hiyo kabu," alisema, akinyoosha mkono apewe kapu. "Kukosa mimi najua iko namna gani."

Kwa mara ya kwanza tulimwona Bi. Ruqiya akilia. Asante, mama, kwa kutotupendelea hata sisi. Mungu akujalie afya, usingizi wa mchana, na dada wa kunywa naye chai.

Najib, idara ya mauzo