Timu Aliyoniachia Marehemu

Asalaam aleykum, akina mama. Na nyinyi ambao salamu yenu ni nyingine, pokeeni hiyo hiyo, maana hapa sote tumefiwa na waume. Sauti ikinikatika mtanivumilia.

Wengi wenu hapa Kanyenye mnajua mume wangu alikuwa mtu wa minadani. Siku ile alipakia ndoo na vyandarua vyake akaenda mnada wa Ziba, akaanguka palepale kwenye turubai la bidhaa. Wanamfikisha kituo cha afya, ameshakata roho. Asubuhi alikuwa ameniambia nimbakizie kisamvu. Nilimbakizia.

Siku nne kabla ya hapo, yeye na wenzake wanane walikaa barazani kwetu wakachagua wachezaji wa fantasi, ule mchezo wa mpira wa Ulaya. Mnavyonitazama, najua hamuuelewi. Hata mimi nilikuwa siuelewi. Kila mtu anachagua mchezaji kwa zamu, na ukishamchukua wewe, mwingine hampati tena. Wale wakicheza kwao huko, hawa wanajumlisha pointi huku. Watu wazima wenye wake na watoto!

Baada ya hitma wakaja. Mimi nimo ndani, niko eda, kwa hiyo mama mkwe akawapokea mlangoni. Wakasema, "Shikamoo mama. Mpe pole shemeji. Ila ile timu ya marehemu, tunaomba tuwagawane wale wachezaji, maana ligi inaanza Jumamosi."

Kugawana! Nguo zake zilikuwa zimeshagawiwa. Saa yake kaichukua kaka yake. Nikapaza sauti huko huko chumbani: "Hawagawanywi! Nitawaongoza mimi!" Nilikuwa sijala siku tatu, sijui nguvu ile niliitoa wapi.

Wakakubali, wanaume wale, Mungu awalipe. Mimi nikabaki na daftari la marehemu, na simu yake yenye ile timu. Alikuwa ameandika mbinu zake kwa mwandiko wa kulala. Kipa achaguliwe mwisho. Usijaze watu wa timu moja, siku wakifungwa umefungwa nao. Usimchague unayempenda, mchague anayecheza kila wiki. Na chini kabisa: aliyeumia mwache mapema, uchukue mwingine ambaye hajachaguliwa na mtu.

Hiyo ya mwisho niliisoma, nikalifunga daftari.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikosea kosa ambalo nadhani halijawahi kufanywa na mwanamke mwingine Tabora nzima. Niliifanya timu ile kama mirathi. Sikumgusa mtu. Yule mshambuliaji aliyemchagua wa kwanza aliumia goti wiki ya tatu. Mimi kila Ijumaa nampanga. Wa mwisho tukawa sisi, wiki baada ya wiki. Jirani mmoja akapita akisema kuna mjane anacheza mpira ndani ya eda, na aibu hiyo nikaimeza, kwa sababu niliona nikimtoa yule kijana mwenye goti, basi marehemu atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Nilikonda. Nilikuwa naongea na simu yake. Chakula nilikiona kama mchanga.

Mama mkwe alikuwa akinitazama tu. Naye amezika mwanawe, msisahau. Ijumaa moja akaja akakaa kitandani kwangu, akachukua lile daftari. Hajui mpira, lakini kusoma anajua. Akasoma mpaka chini, kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu," akasema, "hii si imeandikwa na yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona humsikii?"

Nililia siku ile kilio ambacho sikulia hata jeneza likitoka. Yeye naye akalia. Tulipomaliza nikashika simu, nikamtoa yule mshambuliaji. Badala yake nikachukua kijana ambaye hakuna aliyemtaka, nilimpendea nywele zake tu, amezisuka kama binti wa harusi.

Jumamosi yake akafunga mabao mawili. Nikapiga kelele, nikacheka! Halafu nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mume wangu yuko kaburini na mimi nacheka? Niliona haya, nikaenda kujifungia.

Ligi ilipokwisha tulikuwa wa saba kati ya tisa. Sijapona kabisa, sitawadanganya. Ikifika siku ya mnada bado nasikiliza mlango. Lakini nakula, na biashara ya ndoo naendesha mwenyewe.

Nawashukuru mashemeji waliokubali kucheza na mwanamke wasiyemwona. Namshukuru mama mkwe, yuko nyumbani, miguu inamsumbua. Mwenzenu nimejifunza kwamba kumpenda aliyekufa si kukataa kubadilisha alichokiacha. Yeye mwenyewe angebadilisha, angekuwa hai.

Na wewe mdogo wangu uliyekaa pale nyuma, uliyezika mwezi uliopita. Najua hutaki kusikia habari za mpira. Nakuambia moja tu. Kuna siku kicheko kitakutoka bila kukiita. Usizibe mdomo.