Marehemu Mulongo Kisimba Amédée, Muntu Aliyetembea Mbele ya Treni

Ndugu na dada, wakubwa kwa wadogo, jamaa ya Kisimba inawashukuru kwa kuja. Huyu tunayemuzika leo, tarehe 12 Septemba 2025, alikuwa kaka yangu mukubwa. Nitasema maisha yake kadiri ninavyoyajua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina, mutoto wa kwanza wa Kisimba, aliyetoka Kabongo kuja kulaza vyuma vya reli. Alisoma miaka sita kwa Wamethodiste. Mwalimu alimupiga mara nyingi, maana kila treni ikilia yeye alitoka darasani kuhesabu mabehewa. Yalikuwa mengi. Wakati ule Avenue ya Gare, njia ya kituo cha treni, njo ilikuwa muji wenyewe: maduka ya Wagreki na Waportugali, mikate ya moto, baiskeli mpya zinaning'inia mulangoni, sinema kila Jumamosi.

Tarehe 1 Juni 1970 aliingia kazi ya reli, kwanza kusukuma mabehewa, halafu kugeuza njia za treni kwa mukono wa chuma. Alikaa hapo miaka makumi ine na moja. Tarehe 7 Agosti 1976 alimuoa Phébé Kanyinda. Mama Phébé anasema siku ya arusi bwana yake alichelewa kanisani, sababu treni ya Kabalo ilichelewa, na hakutaka kumuachia muntu mwingine mukono wa njia.

Aliona maduka yakifungwa moja moja. Mwaka 1993, majirani wetu wa Kasai walipofukuzwa, walikaa gare majuma na majuma wakingoja kubebwa na treni. Aliwapelekea maji mpaka wa mwisho akapanda. Baada yao Avenue ya Gare haikuamka tena. Treni nazo zikapungua: moja kwa juma, moja kwa mwezi, halafu bila siku. Basi soko likatoka kwenye avenue, likasogea gare, mwisho likakaa juu ya reli yenyewe. Meza kushoto, meza kuume, vikapu vya muhogo katikati ya vyuma.

Kaka hakupenda, lakini hakumupiga muntu teke. Muntu wa gare ndogo ya upande wa Kabongo alikuwa anamuita kwa simu: "Papa, iko moja imetoka huku." Naye anatoka na filimbi na kitambaa chekundu, anatembea mbele ya treni, polepole, soko zima. Mama zetu wanavuta meza, wanakunja hema. Vikapu vinabaki chini, treni inapita juu yavyo bila kuvigusa, na nyuma yake soko linafungwa tena kama maji. Alipopata pension mwaka 2011 aliendelea, bila kuombwa.

Mama Clémentine, muuza samaki wa kukauka, alimuchokoza kila siku:

"Papa Amédée, ile treni yako itakuya siku gani? Nitaipikia bukari!"

"Mama, treni haina siku. Iko na uzito tu."

"Ah, weye! Unatutisha na kitu hata haionekane!"

Walicheka, naye alicheka. Lakini nyumbani alikuwa ananiambia: "Ndugu, hawa hawasikie treni tena. Wananisikia minyi." Hapo njo kosa letu. Miaka yote ile, tulijifunza filimbi yake. Honi ya treni ikilia, hakuna aliyeinua kichwa.

Mwezi wa Julai miguu yake ilianza kuvimba. Munganga alisema ni moyo. Tarehe 28 Agosti alilazwa hospitali, na simu yake ikazimika bila moto wa umeme. Alhamisi tarehe 4 Septemba, saa ine ya asubuhi, treni ilitoka upande wa Kabongo. Ililia mbali. Ililia karibu. Mama Clémentine mwenyewe alinieleza: aliwaambia wenzake, "Bado, Papa hajapita." Muendeshaji alifunga breki. Mashini ya treni ilivunja meza tatu, ya Mama Clémentine ya kwanza, halafu ikasimama.

Tulimupelekea habari hospitalini. Aliuliza:

"Bangapi?"

"Hakuna, Papa," Mama Phébé akasema. "Hakuna hata mumoja."

"Leo hakuna," akasema. Akataka kushuka kitandani na sindano ya serum mukononi. Tulimushika watu wawili. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja ya asubuhi.

Jana, tulipoutoa mwili morgue, nyumba ya maiti, tulipita sokoni. Mama zetu walivuta meza, wakalia sana, wakatandika vitenge njiani. Tuliwashukuru. Lakini tulipogeuka, meza zilikuwa zimerudi juu ya vyuma.

Jana hiyohiyo simu yake iliwashwa, ikalia. Mama Phébé akaipokea. Alikuwa yule muntu wa gare ndogo. Alitoa pole, halafu akauliza: "Mama, sasa nitakuwa naita nani?" Minyi nimeuliza kambini, nimeuliza kanisani, nimeuliza meza kwa meza. Kila mumoja anasema yuko mwingine wa kushika filimbi.

Marehemu anaacha mujane, Mama Phébé. Watoto wane, Lise, Gamaliel, Léa na Divin. Wajukuu kumi na mumoja. Mudogo wake, ni minyi Ngandu. Na soko zima la Kamina, linalokaa njiani.

Bwana amupe usingizi muzuri. Yeye alale. Siye tuamuke.