Njiwa wa Marehemu Idd

Zuhura: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ngeni hii.

Mwanahija: Ya binti yangu Sada. Yangu huipokei tangu juzi.

Zuhura: Ee, Mwanahija! Salaam aleikum, shoga yangu! Simu yangu hii, betri yake—

Mwanahija: Waaleikum salaam. Leo betri imepona?

Zuhura: (anacheka) Una maneno wewe! Habari za Lindi? Mzazi hajambo? Na mtoto?

Mwanahija: Wazima, alhamdulillah. Kichanga kinanyonya utadhani kimeagizwa. Mama yake nikimkanda maji ya moto anapiga kelele mtaa mzima. Habari za Kivinje?

Zuhura: Salama. Jua tu, na kunguru. Mwaka huu kunguru, wee! Wanaingia mpaka jikoni, juzi kidogo waninyang'anye—

Mwanahija: Njiwa wangu hawajambo?

(kunguru wanalia)

Zuhura: Haloo? Unakatika.

Mwanahija: Sikatiki. Njiwa.

Zuhura: Ah, wapo. Wanakula, wanashiba.

Mwanahija: Wanakula nini? Abilahi wa dukani ananiambia hujapita kuchukua mtama wao.

Zuhura: Abilahi naye! Anauza duka au anauza umbea?

Mwanahija: Basi nigongee kopo.

Zuhura: Kopo gani?

Mwanahija: Kopo, Zuhura! Lile alilokuwa akigonga marehemu Idd kuwaita njiwa wake. Uko nje, nausikia upepo. Ingia uani kwangu ugonge, nisikie mabawa yakishuka. Mtu yuko ugenini, kamkumbuka mumewe. Vibaya?

Zuhura: Wameshakula saa hizi—

Mwanahija: Njiwa hajawahi kulikataa kopo. Gonga.

(mkwaruzo, kwa mbali, ko-ko-ko, ko-ko-ko, kisha makelele yanayokaribia)

Mwanahija: Hao ni kunguru.

Zuhura: Ndiyo.

Mwanahija: Kunguru watupu! Njiwa wangu wako wapi?

Zuhura: Mwanahija, kaa kitako kwanza.

Mwanahija: Nimekaa. Sema.

Zuhura: Kunguru walishaujua mlio wa kopo. Nikigonga, wao wa kwanza, njiwa hawaambulii kitu. Nikasema nimalize udhia. Nikatia dawa ya panya kwenye wali, nikafunga banda la njiwa, wallahi nilifunga, ndipo nikagonga kopo kunguru waje. Sasa lile komeo—

Mwanahija: Limelegea. Si nilikuonyesha? Si nilikwambia uegemeze jiwe?

Zuhura: Jiwe nilisahau. Njiwa wakasikia kopo, wakasukumana mlangoni, mara wametoka, wameuvamia wali.

Mwanahija: Ya Rabi! Na kunguru?

Zuhura: Wamekaa juu ya bati, wanatazama. Hakugusa hata mmoja.

Mwanahija: Waguse wana wazimu? Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Wanaoliamini kopo ni njiwa, maskini ya Mungu. Wamekufa wote?

Zuhura: Wote.

(mkwaruzo mrefu)

Mwanahija: Zuhura, niambie kitu kimoja. Mimi nikiwalisha nasimama na fimbo. Kunguru wanakuja wawili watatu, nawafukuza, yamekwisha. Hao wengi wamefuata nini uani kwangu?

Zuhura: Si unawajua kunguru walivyo—

Mwanahija: Wamefuata nini?

Zuhura: Nilianika dagaa. Kidogo tu, shoga. Kwako kuna jua, kwangu huu mwembe wa jirani—

Mwanahija: Kumbe! Nimekuachia ufunguo uniangalizie njiwa, wewe umefanya uwanja wangu chanja ya dagaa! Dagaa wakaita kunguru, kunguru wakakutia hasara, ndipo ukakumbuka sumu. Hukuwa ukiwatetea njiwa wewe. Ulikuwa ukitetea dagaa wako!

Zuhura: Nilitaka kukwambia, Mwanahija, ila—

Mwanahija: Lini? Siku aliyojifungua Sada ukaniambia yule jike mweupe ameangua! Makinda wawili, ukasema, wazuri! Nikamwamsha mtoto wa watu na uchovu wake, nikamwambia, mwanangu, leo baba yako kapata wajukuu huku na huku. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Siku hiyo yule mweupe alikuwa hai?

Zuhura: (sauti ndogo) Alikuwa ameshakufa.

Mwanahija: Makinda ya nani basi?

Zuhura: Uliuliza kwa furaha, nikashindwa. Sikutaka kukutibulia siku yako.

Mwanahija: Mimi na wewe tumechezwa unyago nyumba moja. Idd alipofariki, ndiwe uliyekaa nami eda mpaka nikatoka. Angenifanyia mtu baki ningelia, nikapangusa machozi. Wewe umeniuma, Zuhura. Umeniuma!

Zuhura: (analia) Nisamehe, shoga yangu. Nitakutafutia wengine, kule kijijini Miteja wapo, wazuri—

Mwanahija: Sitaki njiwa wa Miteja. Ufunguo mpe Abilahi. Na dagaa wako waanue leo leo.

Zuhura: Mwanahija—

Mwanahija: Salio la watu linakwisha. Kwaheri.

Zuhura: Usikate! Ngoja, na mtoto? Mmempa jina gani?

(mkwaruzo)

Sada (kwa mbali): Mwambie, mama! Mwambie amepata somo yake, tumempa jina lake!

Mwanahija: Nyamaza, Sada.

Zuhura: Anasemaje? Sisikii, inakwaruza—

Mwanahija: Anasema bado. Mtoto hana jina.

Zuhura: Bado? Siku zote hizo?

Mwanahija: Tunatafu—

(simu inakatika)