Yudith Asheri na Mstari Wake wa Masale

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025, ni Yudith Asheri wa Kwemhafa. Alizaliwa Maramba tarehe 12 Machi 1952, mtoto wa tatu wa mzee Asheri na mama Leticia, vibarua wa shamba la mkonge. Tarehe hiyo ni ya kweli, imo kwenye cheti cha ubatizo. Ya mumewe haijulikani, na marehemu alimkumbusha hilo kila walipobishana.

Alisoma Maramba mpaka darasa la nne. Alitaka kuendelea. Nafasi nyumbani ilikuwa moja, ikaenda kwa kaka yake, ambaye naye hakumaliza. Basi.

Mwaka 1968 alipanda Amani kwa shangazi yake, akaanza kuchuma chai. Alichuma miaka thelathini na moja. Kazi ile ilimpa jicho la mstari. Mche mmoja ukikaa upande aliuona akiwa ng'ambo ya bonde, na hatulii mpaka aseme.

Ndoa ilifungwa katika kanisa letu la Kilutheri tarehe 14 Septemba 1974. Mume alikuwa Zabron, mkulima wa iliki. Bibi harusi alipofikishwa nyumbani hakuangalia nyumba. Alizunguka nyuma, akainua uso.

"Huu mlima una nini?"

"Una mawe," mumewe akamjibu.

"Nani kayashika?"

Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini. Ndoa ilijaliwa watoto watatu: Jenifa, Edgar na Ayubu.

Mwaka 2016, masika ilipokwisha, aliona ufa kwenye shamba la juu, nyuma ya nyumba. Mwembamba, kidole hakiingii. Mumewe alisema ni jua. Marehemu alivuta kamba kukatiza mteremko, akapanda masale ishirini na mawili, yamenyooka kama miche ya chai. Alitaka, mlima ukitembea, auone. Tatizo ni kwamba milimani kwetu mmea wa sale ukipandwa ni mpaka, na nusu ya mstari ule ilipita upande wa juu wa shamba la jirani, Ernesti.

Miaka miwili baadaye mstari ulikuwa umepinda. Tumbo lake limeshuka hatua mbili ndani ya shamba la Ernesti. Ernesti akaenda kushitaki kuwa anaibiwa ardhi. Wazee saba wa baraza walipanda kuangalia. Walisimama juu ya ufa ule ule, sasa mguu unaingia, wakapima mpaka.

"Masale hayana miguu, Mama Jenifa," mwenyekiti akasema. "Nani kayasogeza?"

"Mlima."

"Kwa hiyo tuandike mshitakiwa ni mlima?"

"Andikeni. Ila sogeeni kwanza, mmesimama penyewe."

Walicheka sana. Watu wazima saba. Wakaamua masale yang'olewe, na mume ndiye ayang'oe. Mumewe aliyang'oa yote siku ile ile, kwa aibu. Asubuhi akayakuta yamepandwa tena, yamenyooka.

"Wewe mwanamke, unanitafutia nini?"

"Nakutafutia ufe kwa uzee," akasema, akaenda kuchota maji.

Vuli ya 2023 ilinyesha wiki tatu bila kupumzika. Masale yakaanza kulala. La kumi na tatu lilipolala, marehemu hakumwomba mtu tena. Alibeba mafiga yake matatu, sufuria na unga, akahamia kibanda cha kukaushia iliki huku juu karibu na kanisa. Akatuma salamu: anayetaka kula, ugali uko huku. Mumewe alibaki nyumbani siku mbili kwa ubishi, anakula ndizi mbivu. Siku ya tatu, Jumanne tarehe 14 Novemba, njaa ikampandisha. Ernesti na watu wake walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa karibu na sufuria.

Mlima ulishuka saa kumi na moja jioni. Zabron alikuwa na tonge mkononi. Nyumba, ng'ombe, makaburi ya wazazi wake, nyumba ya Ernesti, vyote vilikwenda. Hakufa mtu hata mmoja.

Mnadhani walimwomba radhi? Wapo waliosema yeye ndiye aliyeuita mlima. Wapo hapa leo, wamevaa vizuri. Hawatatajwa. Ernesti peke yake alikuja, na mkungu wa ndizi begani.

"Shemeji, ule mpaka nimeuacha."

"Umeuacha kwa kuwa haupo," marehemu akasema, akapokea ndizi.

Presha ilimwanza mwaka 2021, na Juni mwaka jana figo zikafuata. Jenifa akamchukua kwake Chumbageni, mjini, awe karibu na matibabu. Kule hakuna mlima. Mvua moja tu, maji yakaingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Marehemu akanyanyua miguu: "Na ninyi mnaishije huku? Maji yenyewe hayajui pa kwenda."

Wiki moja kabla hajafa alisikia Ayubu amesimamisha miti ya nyumba Kwemhafa, pale pale ulipopita mlima. Eti udongo mpya una rutuba, na kiwanja ni cha babu. Akampigia simu.

"Mama, mlima si umeshashuka? Utashuka mara ngapi?"

Marehemu alikata simu, akamgeukia mumewe aliyekaa kitandani pake. "Wewe si ndiye unayejua kung'oa?"

Alifariki hospitalini Tanga mjini, Jumatano tarehe 9 Aprili, saa tatu asubuhi. Gari lililomleta lilisimama njiani saa tano nzima, kifusi kimefunga barabara. Hata siku hiyo.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Ayubu ni mmoja wao, yu mzima, na mama yake alitaka abaki hivyo.

Ndugu walitaka azikwe kiwanjani chini, walikokuwa wamezikwa wakwe zake. Hapana. Anazikwa hapa kanisani. Atapandiwa masale mawili, moja kichwani, moja miguuni, na watu wayaangalie.

Mkimaliza kufukia, majembe msiyaweke chini. Chakula kitasubiri. Zabron anateremka kwa Ayubu kung'oa miti. Ni kumi na minane, na juu yake upo ufa mpya, kidole hakiingii. Ana mgongo mbovu, lakini masale aliyang'oa yote peke yake. Atakayemsaidia amfuate. Ayubu atangulie.

Yudith, mumeo amesikia. Pumzika kwa amani, mahali pasiposogea.