Sufuria Haina Kosa

Benchi lile mbele ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na miguu mitatu na tofali. Fundi Saa ndiye aliyekalia upande wa tofali, maana siku hizi alikuwa mwepesi kuliko wenzake. Kijiwe kilikuwa na sheria moja: mwenzenu akiwa na shida, haondoki mkono mtupu. Tangu Fundi Saa aambiwe kliniki kwamba sukari yake imepanda, basi, wenzake walimpenda maradufu. Asubuhi Kinyozi humvuta pembeni na kumpa mkate, mchana Dereva wa lori humpitishia ndizi mbivu, jioni Muuza Kahawa humkorogea sukari ya huruma, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayempa. Fundi Saa alishindwa kukataa. Atamkatalia vipi rafiki aliyempa kwa moyo mweupe? Jana kipimo kilipanda tena, na leo hata skrubu za saa zilimchezacheza machoni. Aliogopa, ila hakusema.

— Kosa ni wali, alisema Kinyozi. Wali mweupe, sukari nyeupe. Hao tumbo moja.

— Na chumvi je? aliuliza Dereva.

— Chumvi ni binamu.

— Mimi nasema ashinde njaa. Sukari ikikosa chakula inahama yenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

— Nesi amekataza nisishinde njaa, Fundi Saa aliwakumbusha. Nile kwa wakati. Nusu sahani mboga, wali kiasi cha ngumi, na maharage.

— Ngumi ya nani? aliuliza Dereva. Mimi na wewe tuna ngumi sawa?

— Ndugu yangu, kula umesimama, alisema Kinyozi. Sukari yote itashuka miguuni. Usiku ukivua viatu, inatoka.

Walicheka mpaka tofali likayumba. Muuza Kahawa akamsogezea kikombe, akamnong'oneza sikioni.

— Dawa ya moto ni moto. Nimetia kidogo tu, isukume ile ya zamani. Haba na haba hujaza kibaba!

Fundi Saa alikuwa ameshakishika kikombe alipomwona mkewe anavuka barabara. Hakuwahi kufika kijiweni hata siku moja. Mkononi alibeba sufuria tupu, imesuguliwa mpaka inang'aa.

— Karibu, shemeji! Wote walisimama.

— Ahsanteni. Sikai. Nimekuja kuuliza, maana nyinyi ndio mnaoshinda naye. Wali napima kwa ngumi yake mwenyewe. Mboga najaza nusu sahani. Wanangu na mimi tunakula hichohicho, asijione mgonjwa peke yake. Na bado inapanda. Jana nesi kaniuliza, "Mama, unampikia nini?" Nimelia, jamani. Niambieni, sufuria yangu ina kosa gani?

Fundi Saa aliona aibu ikimpanda shingoni. Alikuwa akiogopa kuwavunja moyo marafiki, kumbe aliyevunjika moyo yuko nyumbani. Akakiweka kikombe ndani ya sufuria, polepole kisimwagike.

Kinyozi akakohoa. Akaingia kibandani, akafungua droo, akatoa mkate aliokuwa amemwekea wa kesho asubuhi, akautia.

— Kumbe na wewe? alisema Dereva kwa sauti ndogo. Akatoa ndizi mbili kwenye koti.

Muuza Kahawa naye akaongeza mkebe wake wa sukari. Sufuria ikajaa.

Mke wa Fundi Saa aliitazama. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipomgeukia mumewe hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

— Chakula kiko mezani, baba watoto. Wakati wake umefika.

Fundi Saa akainuka, akampokea sufuria.

— Shemeji, aliita Kinyozi, akikaribia kulia. Sasa sisi tumpe nini?

— Mkimpenda, alisema mkewe, nirudishieni akiwa na hamu ya chakula changu.